Dirisha la Bibi Osmunda

Nimestaafu. Najua mtacheka, maana wa mwisho kustaafu pale kwetu alikuwa Mzee Lipindi, na yeye aliondoka na mvi na magoti yanayolia. Mimi nimeondoka na mtoto ambaye hajaanza hata darasa la kwanza. Lakini kazi nimeimaliza na sirudi, kwa hiyo neno ni hilohilo, msinitafutie lingine.

Naandika kwa ajili yenu nyie mlioingia baada yangu, mnaoshika tepu na kubeba vigingi kwenye jua la Ifakara. Nani alipandishwa cheo na nani analipwa nini mtayasikia wakati wa chai, mimi sina habari nayo. Nataka mjue kilichotokea Mtaa wa Kisima, kwa sababu mtatumwa kule. Mtatumwa kwa ajili ya dirisha, na mimi ndiye nitakayekuwa ndani ya hilo dirisha.

Siku ya kwanza nilikwenda kazini na mwanangu Vaileti mgongoni, sikuwa na pa kumwacha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani, nikazaa, baba wa mtoto akaenda Mlimba kutafuta shamba la mpunga na mpaka leo analitafuta. Kampuni ilikuwa inapima viwanja ili watu wapate hati, ikataka vibarua wanaojua kusoma. Mkuu wetu akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Hapa si kliniki, dada."

Mzee Lipindi alikuwa amechuchumaa pembeni, anafuta tepu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Hakuinua kichwa. "Mwache, mkuu. Mtu aliyebeba mtoto tangu asubuhi asimwangushe, tepu ataiweza."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Vifaa vyetu mnavijua: tepu ndefu, vigingi vya mti vyenye rangi nyekundu kichwani, nyundo, bikoni za zege za kuonyesha mipaka, na jipiesi ambayo ikiona wingu inazimika. Msiiamini sana. Tepu ndiyo muitunze. Udongo wetu mweusi wakati wa masika unameza kigingi usiku mmoja, asubuhi mnaanza upya mkiwa mmevua viatu. Tepu ikiingia tope, isafisheni siku hiyohiyo, kesho yake tope limeshakula namba.

Kazi yangu ilikuwa kushika sifuri. Unabana mwanzo wa tepu kwenye kona ya ukuta, unaita "Sifuri!", na mwenzako kule mwisho anakujibu kwa namba. Hujajibiwa, huachii. Nilidhani ni kazi ya kijinga. Mzee Lipindi akaniambia, "Watu wanafikiri kupima ni kuangalia namba. Kupima ni kuitana. Mmoja akinyamaza, kipimo hakuna."

Na alikuwa na jambo lingine alilolishikilia kuliko hata hilo. Kabla ya kuingia kwa mtu unaita hodi, unasubiri. Ukiitikiwa ndipo unafungua karatasi.

"Na kama hawapo, mzee?" nilimuuliza.

"Hawapo ni neno la mtu aliyewatafuta. Wewe umewatafuta?"

"Nimeita mara moja."

"Basi andika umeita mara moja. Usiandike hawapo."

Deo, kijana tuliyekuwa naye, alikuwa anamwiga kwenye kahawa na kutuchekesha. Mimi pia nilicheka.

Mtaa wa Kisima tuliupima kiangazi. Ni ule unaokatiza kutokea barabara ya Kivukoni, ambako akina mama wa samaki wanapita asubuhi na beseni za kambale na perege kichwani. Wakati ule kila nyumba ilikuwa na dirisha la mbele lenye nondo na ubao wa kaunta. Huyu anauza mkaa na nyanya, huyu anashona, yule anachaji simu, yule anasuka nywele kibarazani. Mama Kulwa, Msukuma ambaye mume wake alikuja na ng'ombe bondeni akabaki, alikuwa anauza maziwa ya mgando kwenye ndoo nyeupe, na sauti yake ilifika mpaka kwenye reli. Ungeweza kutembea ule mtaa mzima umefumba macho na ukajua uko wapi kwa harufu na kwa maneno unayosemewa. "Mama Vaileti, mtoto amekua huyo, mshushe atembee." "Mama Vaileti, kiatu kinacheka." Hupiti bila kusemwa.

Katikati ya mtaa palikuwa na dirisha la Bibi Osmunda. Aliolewa hapo kutoka kijiji cha Mbingu miaka mingi iliyopita, mume akafa, watoto wakatawanyika, mmoja tu, Ditriki, ndiye aliyekuwa karibu, kibarua kwenye mashamba ya miwa. Bibi aliuza chumvi, viberiti, sabuni ya kipande, mafuta ya kupima na biskuti. Magoti yalikuwa yamekataa, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda nyuma ya nondo tangu asubuhi mpaka jioni, na masikio yalikuwa yameanza kumwacha. Ndiyo maana mtaa mzima ulijifunza kugonga. Unachukua sarafu, unagonga kwenye nondo, ngo ngo ngo, na mlio wa chuma anausikia hata kama sauti yako haisikii.

"Karibu. Nani?"

"Mimi, Bibi."

"Mimi ni wengi. Nani?"

Mpaka utaje jina. Nilipokuwa napima alimwona Vaileti mgongoni kwangu amelegea kwa jua. "Mlete hapa huyo, atakufa na tepu zako." Akamweka kwenye ubao wa kaunta, akampa biskuti. Tangu siku hiyo, kila tukifanya kazi upande ule, mwanangu alikaa dirishani kwa Bibi, na mimi nilifanya kazi na mikono miwili. Hakuniomba kitu. Alisema mtoto anamsaidia kusikia.

Sasa nifike kwenye mashine. Mitaa ya nyuma kulikuwa na mtu amefunga mashine ya kukoboa mpunga katikati ya nyumba za watu. Hilo nalisema wazi, kwa sababu mtasikia kwamba mimi natetea kila biashara. Sitetei. Ile mashine ilikuwa inaanza alfajiri, kuta zinatetemeka, pumba zinaingia kwenye vyandarua, watoto wanakohoa. Majirani walilalamika, na walikuwa na haki. Mtu mwenye akili angesema mashine iondoke, dirisha la chumvi libaki. Lakini aliyechora mchoro wa mipango miji alikuwa amekaa mji mwingine, na kwake yeye biashara ni biashara. Akapaka mitaa yetu yote rangi ya njano, maana yake makazi tu. Njano na michirizi myekundu, maana yake makazi pamoja na biashara ndogo, ipo kabisa kwenye orodha ya rangi. Nimeiona kwa macho yangu. Hakuitumia hata kwa kiwanja kimoja. Na ile mashine, kwa kuwa mwenyewe alijua mlango wa kupitia, ilipakwa rangi yake peke yake na inakoboa mpaka leo.

Mkutano wa wananchi ulifanyika kwenye darasa. Mchoro ukabandikwa ubaoni. Mtaalamu akanyoosha fimbo: "Mtaa wenu ni njano." Watu wakapiga makofi. Shabiki mmoja wa mpira akasema yeye timu yake ni nyekundu, abadilishiwe, watu wakacheka mpaka mtaalamu akacheka. Hakuna aliyeuliza njano ni nini. Rangi inang'aa, nyumba yako unaiona kwenye karatasi ya serikali, utaulizaje? Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na bunda la karatasi za kusaini. Mzee Lipindi alikuwa ameshastaafu wakati huo. Siku nyingine nawaza, angekuwepo, angeuliza.

Baadaye ndipo walipoambiwa. Ukitaka hati, nyumba ifanane na mchoro. Dirisha la kuuzia si dirisha la makazi, lizibwe. Hakuna aliyekuja na tingatinga, hakuna aliyepaka alama ya kubomoa. Watu walijenga wenyewe, kwa tofali zao, kila mtu akiziba macho ya nyumba yake mwenyewe kwa sababu anataka hati.

La Bibi Osmunda lilizibwa na Ditriki. Alikuja na fundi siku ya mapumziko. Nondo hawakuzitoa, zilikuwa zimezama ukutani, wakajenga tofali kwa nje yake. Nilikuwepo, nilikuwa nimemfuata Vaileti.

"Sasa mtu akitaka chumvi?" Bibi akauliza kutoka ndani. Tofali zilikuwa zimeshamfika kifuani.

"Ataenda sokoni, mama."

"Na mimi nikimtaka mtu?"

Ditriki akacheka, mtoto mzuri tu, hana roho mbaya. "Mama, wewe unamtaka nani? Msimu wa kukata miwa ukiisha nakuja kukuchukua, ukakae na wajukuu."

Fundi akaomba tofali lingine. Uso wa Bibi ukaenda polepole, kwanza kidevu, kisha pua, mwishoni kitambaa cha kichwa. Hakusogea kwenye kigoda chake.

Nawaambia, sijui kama mmewahi kuona mtaa uliozibwa. Kuta ni zilezile kuukuu, zimepauka kwa mvua, na katikati ya kila ukuta kuna kiraka cha tofali jipya jekundu, mraba, urefu uleule wa kifua. Saa saba mchana, jua liko utosini, huna kivuli. Unatembea, unasikia kandambili zako. Unasikia mtu nyuma, unageuka, ni kandambili zako zinarudi kutoka ukutani. Hakuna aliyekuambia kiatu kinacheka. Kuku wenyewe waliondoka mbele wakahamia uani, kwa sababu mbele hapakuwa tena na mtu wa kumwaga pumba. Akina mama wa samaki walianza kuupita mtaa bila kuita, wakitembea haraka, na ukiwauliza wanasema hapana wateja. Lakini nilimwona mmoja anakimbia. Na beseni kichwani.

Vaileti hakuelewa. Tulipokuwa tunapita, alisimama mbele ya kiraka cha Bibi na kusema, "Shikamoo Bibi." Kisha akasubiri, kichwa kimeinama upande, kama anavyosubiri mtu amalize kutafuna. Nikamvuta.

"Twende. Bibi hasikii."

"Amesema marahaba," akaniambia.

Sikugombana naye. Nilimbeba nikaongeza mwendo.

Sasa fuateni vizuri, maana mambo yalijipanga. Yule wa kuchaji simu naye alizibwa dirisha, kwa hiyo simu ya Bibi ilizimika na hakuna aliyeichaji. Ditriki akipiga haipatikani, anasema mama amesahau kuiwasha. Mtaani wanasema Bibi kimya, bila shaka mwanaye amemchukua, si alisema atamchukua. Mama Kulwa alizunguka nyuma siku moja akaita hodi kwenye mlango wa uani, mlango una komeo kwa ndani, hakuitikiwa, akarudi. Kila mtu alikuwa na sababu nzuri. Mimi mwenyewe nilimpeleka Vaileti kwa shangazi yangu, nikawa napita njia nyingine.

Ndipo mlio ulipoanza. Aliyeusikia kwanza ni Mama Kulwa, mchana wa jua kali, mtaa mtupu. Ngo. Ngo. Ngo. Sarafu kwenye nondo. Akageuka kuangalia nani anagonga, akakumbuka hakuna nondo tena iliyo wazi mtaa mzima. Aliacha ndoo ya maziwa palepale njiani.

Kesho yake wakausikia wengine. Ulikuwa unatoka kwenye kuta, hawakubaliani ukuta upi. Anagonga, ananyamaza, anagonga. Wapogoro wakasema ni mahoka, wazee waliokufa wamekuja kununua na wamekuta pamefungwa. Mama Kulwa akasema kwao hao ni masamva, na masamva wakigonga hawataki chumvi, wanataka ng'ombe. "Na mimi ng'ombe wangu simpi mzimu asiyejitambulisha," akasema, lakini alihamia kulala kwa dada yake kule Mbingu. Mtaa ukabaki na wanaume wachache wanaojifanya hawasikii.

Wakaleta mchungaji. Akaja na spika, mchana, akasimama katikati ya barabara akaukemea ule mlio kwa saa nzima. Aliuamuru utoke, aliuambia hauna sehemu tena kati ya walio hai, na watu wakaitikia amina. Jioni mlio ukakoma. Waliimba. Nilizikuta habari hizo ofisini asubuhi, Deo akinisimulia anacheka. "Noma, dada. Mzimu umefukuzwa na spika ya kukodi."

Siku hiyohiyo mkuu wetu akatutuma mimi na Deo kuhakiki Mtaa wa Kisima, kuona kama kila dirisha limezibwa sawasawa. Alishatia alama kwenye nakala yake ya mchoro. Mbele ya kiwanja cha Bibi Osmunda paliandikwa haikaliwi.

"Nani kasema haikaliwi?" nikauliza.

"Mtaa mzima unasema. Nendeni mpime, mrudi kabla ya mvua."

Tulifika mchana. Sikutaka kwenda peke yangu na kila hatua Deo alikuwa anazungumza, anazungumza tu, mpaka tulipofika kwenye kile kiraka naye akanyamaza. Nikaita hodi mara tatu, nikasubiri. Kimya, ule kimya wa ukuta wenye joto.

"Andika tu, dada. Haikaliwi."

"Shika mwisho wa tepu," nikamwambia. "Tupime kwanza."

Nikabana sifuri kwenye kona ya kiraka, sikio langu likawa karibu na tofali. Deo akavuta mpaka kona ya nyumba. Nikaita kwa nguvu kama nilivyofundishwa.

"Sifuri!"

Na ndani ya ukuta, karibu na shavu langu, kitu kikagonga. Ngo.

Deo aliachia tepu. Iliponirudia ilinichana kiganja, alama ninayo. Yeye alikuwa ameshafika kwenye nyumba ya tatu. Mimi sikukimbia, na msinisifu kwa hilo, miguu ilikataa. Nilisimama na sifuri mkononi, na kitu pekee kilichobaki kichwani ni kazi. Ukiita, unajibiwa. Nikaita tena, mdomo kwenye tofali.

"Sifuri."

Ngo.

Nikafikiria, mzimu aliyekemewa kwa saa nzima na spika hakujibu, sasa anijibu mimi kwa neno la upimaji? Mahoka wanajua nini kuhusu tepu? Anayejibu anapoitwa ni mtu.

"Deo!" nikapiga kelele. "Rudi hapa, mpumbavu wewe, tafuta mtaimbo. Kuna mtu ndani."

Alirudi. Hilo namshukuru. Tulikuta mlango wa uani una komeo zito, kwa hiyo tukaanza kubomoa kiraka. Ditriki alikuwa amebana saruji, udongo mwingi saruji kidogo, na ubahili wake ndio uliomwokoa mama yake. Tofali la kwanza lilitoka likianguka ndani kwenye nondo. Harufu ikatoka. Giza. Halafu katikati ya nondo ukatokea mkono, mkavu kama kuni, umeshika sarafu kwa vidole viwili, na sauti ikatoka nyuma yake, imechoka, imekasirika.

"Mnagonga tangu juzi, hamsemi mnataka nini."

Alikuwa ameegemea ukuta chini ya dirisha, nyonga imevunjika. Aliteleza alipokuwa anainuka kwenye kigoda. Alikuwa amejiburuta mpaka kwenye rafu ya chini, akaishi kwa biskuti alizobakiza na maji ya ndoo. Komeo alilifunga mwenyewe, tangu dirisha lizibwe alikuwa analifunga hata mchana, kwa sababu alikuwa haoni tena anayekuja. Tulimtoa kwa mlango baada ya Deo kuipinda nondo moja na kupita dirishani, tukampakia kwenye bajaji. Njiani kwenda hospitali kichwa chake kilikuwa mapajani kwangu.

"Bibi, mbona uliacha kugonga jana?"

"Si walinikemea? Kwa spika ile hata mimi nilisikia wote wanaitikia amina, nikawatambua mmoja mmoja kwa sauti. Wakaniambia sina sehemu kati ya walio hai. Nikasema, watu wote hao hawawezi kukosea. Labda nimeshakufa na mimi ndiye nisiyejua." Akaigeuza sarafu yake kiganjani. "Ukaja wewe unaita. Aliyekufa haitwi kazini."

Hapo ndipo hasira ilipoanza, na haijatoka mpaka leo.

Ofisini niliwaeleza yote, mkono umefungwa kitambaa. Mkuu akasikiliza, akasema ni jambo la kusikitisha, lakini ni ajali ya nyumbani, haihusiani na mipango miji. Kisha akanipa karatasi. Niandike kwamba kiwanja kile dirisha limevunjwa na kuachwa wazi kinyume na mchoro, na mwenye nyumba apewe siku za kuliziba.

"Niandike dirisha liko wazi?"

"Liko wazi au haliko?"

"Liko wazi kwa sababu mimi nililifungua. Ulikuwa umeandika haikaliwi. Ungemzika kwa kalamu."

"Dada, punguza sauti. Makazi ni sehemu ya kulala."

"Wewe ukilala usiamke, nani atajua?" nikamuuliza. "Kule kwenu kuna geti na mlinzi. Kwetu mlinzi ni mtu anayeuza chumvi. Akikosekana dirishani asubuhi, saa nne watu wanauliza. Hicho ndicho mlichokiziba. Chumvi tutaipata popote."

Akasema nimechoka, nikapumzike. Nikaweka tepu mezani kwake, nimeifuta vizuri kwa mafuta ya taa, sikutaka iseme vibaya juu yangu. Nikatoka. Ndiyo sherehe yangu ya kustaafu.

Kuna jambo moja nimeliacha mpaka hapa, kwa sababu sijui pa kuliweka. Bibi Osmunda alipopata nguvu nilimuuliza maneno yale aliyosema mkono ukitokea, kwamba tunagonga tangu juzi. Mimi na Deo tulifika siku ile tu. Akasema hakuwahi kugonga kuomba msaada. Alikuwa amelala pale, akasikia mteja anagonga upande wa nje, sarafu kwenye chuma, naye akagonga kujibu kwamba yupo. Mteja akagonga tena. Ndivyo walivyokuwa siku zote zile, anaulizwa, anajibu. Ndicho kilichomfanya asilale usingizi usiorudi.

Nikamwambia, "Bibi, nje kulikuwa na tofali. Chuma hakikuwepo nje."

"Najua. Ditriki alijenga mbele yangu."

Nimeuliza mtaa mzima. Akina mama wa samaki, Mama Kulwa, mchungaji mwenyewe. Hakuna aliyeugusa ule ukuta, walikuwa wanaupita upande wa pili wa barabara. Nilimwomba Bibi anionyeshe alivyogonga huyo mtu. Akachukua kijiko cha uji akagonga kwenye chuma cha kitanda. Polepole sana, kama mtu asiye na haraka ya kuuziwa. Sisi mtaani hatugongi hivyo. Mtaani tunagonga kama tunadai deni.

Ditriki alilia, akamtafutia mama yake msaidizi, na msaidizi ni mimi. Alimtaka kule kwenye miwa, Bibi akakataa kuondoka kwenye kigoda chake. Sasa anakaa nyuma yangu, mguu umenyooshwa, Vaileti kwenye ubao wa kaunta, na mimi nauza chumvi, viberiti na sabuni ya kipande. Nondo moja bado imepinda. Majirani walituangalia wiki moja, ya pili wakaanza kutoa tofali zao. Yule wa simu alikuwa wa kwanza. Mama Kulwa amerudi na sauti yake. Tumeandika barua, mtaa mzima umesaini, tukiomba tupewe ile njano yenye michirizi, na mashine za kukoboa zibaki mbali na vitanda vya watu. Tumejibiwa kwamba barua imepokelewa. Hati bado hatuna. Kwa mujibu wa mchoro, kila ninachokiuza sasa hivi nakiuza kwa makosa, na siku yoyote mtaletwa kupima hiki ninachokikalia.

Njooni. Siwachukii, ni kazi, niliifanya. Tepu yenu iwe safi. Mkifika, msiandike chochote kabla hamjagonga, na msigonge mkaondoka, subirini muitikiwe. Nitawauliza nani, mtasema mimi, nitawaambia mimi ni wengi.

Ila mkija mchana, wakati wa jua la utosini, mtaa ukiwa umetulia, huenda mkasikia nondo zinagongwa kabla hamjafika dirishani. Polepole, mara tatu. Mimi nausikia mlio huo mara kwa mara. Naangalia nje, barabara nyeupe, hakuna mtu. Mara ya kwanza niliangusha kopo la mafuta. Bibi Osmunda hakuinua hata macho. "Ni yule," akasema. "Muulize anataka nini."

Namuuliza. Nasema karibu, nasubiri, kisha naendelea na kazi. Kwa hiyo mkiusikia, msikimbie kama Deo. Simameni pembeni kidogo na tepu yenu. Kuna mteja mbele yenu.